Kuziba upya maungio ya ukuta wa ghala la kale Wales

Ghala la nafaka la shamba la kale huko Wales, ambalo kwa Kiwelsh huitwa ysgubor, aghalabu limejengwa kwa mawe yaliyookotwa au kuchimbwa jirani. Ukuta wake una unene wa sentimita 60 hivi: nyuso mbili za mawe, na katikati kifusi kilichoshikana kwa udongo au chokaa. Ukuta wa namna hii hunyonya mvua, kisha huitoa polepole kupitia maungio, yaani nafasi kati ya mawe zilizojazwa chokaa.

Ndiyo maana saruji ni adui yake. Ikikauka hupata nyufa nyembamba kama unywele, maji yanaingia humo na hayana pa kutokea ila kwenye uso wa jiwe. Usiku wa baridi kali yanaganda, na jiwe linabanduka vigamba. Kwa ndani, ncha za boriti zilizochomekwa ukutani zinaoza bila mtu kuona. Mafundi wa Lamu na Mji Mkongwe wa Zanzibar wanayajua madhara haya kwenye kuta zao za mawe ya matumbawe.

Anza kwa kulisoma jengo. Milango miwili mikubwa inayotazamana ilikuwa ya kupitisha upepo wa kupepeta, na kati yake ndipo nafaka ilipopurwa. Vitundu virefu ukutani, vyembamba nje na vipana ndani, ni vya kuingiza hewa. Visiguswe! Tundu jingine lolote lenye kina limulike kwa tochi, kwa kuwa popo hulala humo na sheria inawalinda. Ukiwakuta, simamisha kazi na uwasiliane na Natural Resources Wales, shirika la serikali linalosimamia mazingira ya Wales. Kama jengo limo kwenye orodha ya urithi inayotunzwa na Cadw, idara ya serikali ya Wales inayoshughulikia majengo ya kale, zungumza kwanza na ofisi ya mipango ya eneo husika.

Kisha shughulikia maji: vigae vya mawe vilivyoteleza, mifereji iliyoziba, udongo uliorundikana chini ya ukuta. Kuziba maungio huku paa linavuja ni kupoteza chokaa.

Fanya kazi kati ya Aprili na Septemba. Chini ya nyuzi 5 za Selsiasi chokaa haishiki vizuri, na ikigandishwa ikiwa bado mbichi inamomonyoka.

Toa tu kile kilicholegea. Chokaa ya zamani iliyo imara iache. Tumia nyundo na patasi nyembamba, si msumeno wa umeme, ambao hukata kingo za mawe, na kingo hizo hazirudi. Kina kiwe mara mbili ya upana wa ungio, kisipungue milimita 25. Saruji iliyong'ang'ania kiasi cha kutishia kuvunja jiwe, bora ibaki. Fagia vumbi, kisha lowesha kwa kinyunyizio. Usimimine maji kwa bomba, maana udongo wa katikati utatoka nayo.

Changanya chokaa ya haidroliki, yaani inayoshika kwa maji, mfuko ulioandikwa NHL 3.5, sehemu 1 kwa sehemu 2.5 za mchanga wa chembe zenye kingo kali, ndogo na kubwa. Pima kwa ndoo, koleo hudanganya. NHL 5, aina yenye nguvu zaidi, ni ngumu mno kwa mawe laini. Mchanganyiko uwe mkavu kiasi: ukigeuza mwiko juu chini, ubaki umeshika. Vaa miwani na glavu, kwa sababu chokaa huunguza macho na ngozi.

Mashimo makubwa yajaze kwanza kwa vijiwe vilivyobanwa ndani ya chokaa, kwani chokaa tupu iliyo nene hupasuka. Shindilia kwa mwiko mwembamba, tabaka zisizozidi milimita 25, hadi chokaa ilingane na uso wa jiwe au irudi ndani kidogo. Usiipake juu ya jiwe wala kuifanya itokeze kama utepe: ukingo huo hukusanya maji.

Hatua inayofuata ndiyo inayotofautisha kazi nzuri na mbaya. Bonyeza kwa kidole gumba. Kikizama, subiri. Kikiacha alama hafifu tu, piga ungio kwa ncha za brashi ngumu, moja kwa moja bila kuburuta. Nyufa ndogo zinajifunga, utando laini wa juu unaondoka, na chembe za mchanga zinaonekana.

Funika kwa magunia yenye unyevu kwa siku 7 angalau, ukiyanyunyizia kila yanapoelekea kukauka, hasa siku za upepo. Ungio likiwa jeupe na kutoa unga ukilikwaruza kwa kucha, limekauka kabla ya kushika. Kupaka tabaka jipya juu hakusaidii. Lichimbe lote, lowesha vizuri zaidi, ujaze upya.