Kupima mchapuko wa graviti Kisumu kwa uzi na nati

Darasani g, yaani mchapuko wa graviti katika m/s², huwa ni 10, au 9.8 mwalimu akitaka usahihi kidogo. Kisumu penyewe ni karibu 9.78 m/s². Ikweta inapita hapo Maseno tu, na dunia imevimba kiunoni, kwa hiyo sisi huku tuko mbali zaidi na kitovu chake kuliko watu wa kaskazini. Kujizungusha kwa dunia nako kunapunguza. Kwenye ncha za dunia g hufika 9.83. Kimo cha Kisumu, takriban mita 1,130 juu ya bahari, kina mchango mdogo mno.

Utaipata kwa kubembesha nati kwenye uzi na kupima muda wa kila bembeo. Tafuta uzi wa fundi viatu, kiasi cha mita moja na nusu. Mshipi wa nailoni wa kuvulia samaki uache: hurefuka ukibeba uzito, na urefu uliopima mwanzo si ule unaobembea. Mwishoni funga nati kubwa ya chuma. Timazi ya mwashi ni nzito vya kutosha, ila imechongoka, na si rahisi kujua kitovu chake cha uzito kiko wapi.

Usifunge uzi kwenye msumari. Kitanzi huteleza, na sehemu ya kuning'inia huhama kila nati inapokwenda na kurudi. Ubane kati ya vibao viwili vilivyonyooka, uvikaze juu ya fremu ya mlango. Urefu L unaanzia ukingo wa chini wa vibao hadi katikati ya nati, na unapimwa nati ikiwa tayari inaning'inia. Fanya kazi asubuhi. Mchana upepo wa ziwa huingia hata kwenye chumba unachodhani kimefungwa.

Anza na L ya mita 1.00. Vuta nati kando sentimita 15, si zaidi, kisha iachie bila kuisukuma. Ikianza kuchora duara badala ya kwenda mstari mmoja, isimamishe uanze upya. Ukivuta hadi digrii 30, kila bembeo litachelewa kidogo na g itakutokea karibu 9.45.

Chora alama ya chaki ukutani nyuma ya uzi uliotulia. Bonyeza saa ya simu nati inapopita alama hiyo ikielekea kulia, huku ukisema "sufuri". Ikirudi na kupita tena ikielekea kulia, hiyo ni moja. Wengi huanza na "moja", na hili ndilo kosa linaloharibu majaribio mengi kuliko yote: ukifika ishirini umepima mabembeo 19, na g inaruka hadi karibu 10.8. Mbona alama iwe chini badala ya mwisho wa bembeo? Chini nati iko kasi, inapita mara moja. Mwishoni inazubaa, hujui hasa imegeuka lini.

Kwa mita 1.00, mabembeo 20 yachukue karibu sekunde 40.2. Rudia kwa mita 0.75 (34.8), 0.50 (28.4) na 0.25 (20.1), ukipunguza pia umbali wa kuvuta: kwa L ya mita 0.25, sentimita 4 zinatosha. Gawanya kila muda kwa 20 upate kipindi T, kisha zidisha T kwa T. Kubadilisha nati ukaweka nzito zaidi hakubadilishi T: inavutwa zaidi, lakini nayo ni ngumu zaidi kusogeza kwa kiwango kilekile.

Chora grafu ya T² kwa L. Mwinamo wake ni 4π²/g. Chukua nukta mbili zilizo mbali kwenye mstari wenyewe, si nukta za jedwali:

(4.04 − 1.01) ÷ (1.00 − 0.25) = 4.04
g = 4π² ÷ mwinamo = 39.48 ÷ 4.04 = 9.77

Mstari usipopita kwenye sufuri, usiulazimishe. Pengine ulipima hadi juu ya nati badala ya katikati. Kosa hilo ni lilelile kwa kila urefu, kwa hiyo mstari unahama lakini mwinamo haubadiliki. Ndiyo maana grafu ni bora kuliko hesabu ya urefu mmoja.

Hata hivyo kidole chako huchelewa kama sekunde 0.2, na hiyo katika sekunde 40 ni kosa la asilimia 1 kwenye g. Tofauti ya 9.78 na 9.81 ya vitabuni ni asilimia 0.3 tu. Ukitaka kuiona kweli, tumia mita 1.00 uliyoipima hadi milimita, vuta sentimita 5 pekee, na uhesabu mabembeo 100: sekunde 200.9 hapa, 200.6 palipo na 9.81. Rudia mara tano uchukue wastani. Lakini usipande matatu kwenda Nakuru, palipo juu zaidi ya bahari, kutafuta tofauti. Kwa mabembeo 100 ingekuwa sehemu chache za mia za sekunde, na kidole hakiwezi kuzishika.