Si hitma: namna tunavyomkumbuka Jayne Cortez uani kwetu Bagamoyo

Mwaka wa kwanza wazee watatu walikuja na kanzu zao, wakakaa mkekani, wakasubiri wagawiwe juzuu. Kosa lilikuwa langu. Nilimtuma kijana apite mtaani aseme kwangu kuna kumbukumbu ya marehemu, basi. Mmoja wao akaniita pembeni.

"Mwanangu, huyo marehemu ni nani wenu?"

Nikamwambia ni mshairi, mama wa Kimarekani, alifariki New York tarehe 28 Desemba 2012.

Akanitazama kidogo. "Na pilau lipo?"

Lilikuwepo. Akabaki.

Kwa hiyo kama unataka kumkumbuka mshairi wa namna hii, anza kwa kusema wazi shughuli ni ipi. Sisi sasa tunaandika "usiku wa mashairi na ngoma, baada ya Isha", na tunaufanya tarehe hiyohiyo ya 28 au Jumamosi ya karibu.

Mimi ni mpiga ngoma. Huyu mama nilimjua kwa kaseti iliyokwaruzika, niliyoachiwa na mgeni aliyekuja kujifunza msondo, ile ngoma ndefu. Kiingereza changu wakati huo kilikuwa cha kubahatisha, lakini nilisikia mwanamke anarudia maneno yaleyale machache mwanzo wa kila mstari, halafu mwisho wa mstari anageuka kwenda kusikotarajiwa. Mkono wa kushoto unashikilia mdundo, wa kulia unachokonoa. Gitaa, besi na dramu hazikuwa nyuma yake. Zilikuwa pembeni yake, zinabishana naye.

Basi sikiliza kwanza, kusoma baadaye. Mashairi yake yapo vitabuni, na mengi aliyachapisha mwenyewe kwa Bola Press, aliyoianzisha mwaka 1972. Lakini ukianza na karatasi utaghani kama mtoto anayesoma risala mbele ya mgeni rasmi. Na usianze na bendi nzima. Mwaka 1974 alitoa santuri ambayo ndani yake yupo yeye na Richard Davis wa besi, wawili tu. Hiyo ndiyo darasa. Utasikia anapovuta pumzi, na besi inavyoingia palepale kwenye pumzi, haimpandi juu ya neno. Sikiliza mpaka uweze kutabiri pumzi inayofuata. Mimi ilinichukua wiki mbili, tena kwa kupigiwa kelele na mke wangu.

Kisha tafuta mghani. Wetu ni shemeji yangu, mwalimu wa sekondari, na ndiye anayetafsiri. Hapa kuna kazi, msidanganyane. Cortez ana shairi linalowasuta wanaume wanaopiga wanawake. Analijenga juu ya msemo kwamba ngoma ni mwanamke, msemo ambao Duke Ellington, mwanamuziki wa jazi, aliufanya jina la santuri yake miaka ya 1950. Cortez anaugeuza kuwa swali, kisha analirudia na kulirudia. Tulikaa nalo barazani jioni tatu.

"Shemeji," akaniambia, "ngoma yenyewe ni ipi? Ya kupigwa au ya kuchezwa?"

Kwa Kiingereza ile ni ala tu, neno linapiga mara moja, limekwisha. Kwetu ngoma ni ala, ni mchezo, ni shughuli nzima ya usiku kucha, na mtaani vijana wakisema fulani ana ngoma wanamaanisha ugonjwa ule. Mwaka ule shemeji alipofika hapo vijana wakacheka kweli. Akasimama kimya, akawaangalia, akarudia mstari uleule polepole, kisha akaurudia tena. Mara ya tatu hakuna aliyecheka. Ushauri wangu: msikimbie maana za ziada, na msijaze maelezo. Neno likiwa na mapigo mengi kuliko la asili, punguza maneno yanayolizunguka. Na chora mkwaju (/) kwa penseli kila pahala pa kuvuta pumzi. Wapigaji hawatasoma shairi, watasoma kifua cha mghani, na mghani akivuta pumzi ovyo wote wanapotea.

Wapigaji wanne wanatosha. Cortez bendi yake aliiita Firespitters, yaani watema moto, na kwenye dramu alikaa Denardo Coleman, mwanawe aliyezaa na Ornette Coleman, yule wa saksafoni. Denardo alirekodi santuri na babake mwaka 1966 akiwa na miaka kumi. Fikiria mpiga dramu ambaye sauti ya mghani ameisikia tangu tumboni! Ndiyo maana nasema chagua watu wanaokula pamoja, hata kama si mafundi wakubwa. Niliwahi kumwita fundi mmoja wa kukodi, mikono yake ni dhahabu, akapiga usiku mzima kana kwamba mghani ni matangazo ya biashara kati ya ngoma zake.

Sisi tuna msondo, chapuo (ngoma ndogo), zeze na ilimba. Ilimba, ala ya vijiti vya chuma vinavyopigwa kwa vidole gumba, si ya pwani, ni ya Wagogo, lakini mwanamuziki marehemu Hukwe Zawose aliishi na kufundisha hapa Bagamoyo mpaka alipofariki mwaka 2003, na tangu hapo hukosi mpigaji. Kwa kazi hii inafaa kuliko zote, kwa sababu inaweza kunong'ona.

Msondo upashe moto mapema. Upepo wa bahari unalegeza ngozi, na Desemba ndiyo balaa. Washa makuti makavu, si mkaa, yawake haraka. Inamisha ngoma ngozi ikielekea moto, umbali wa mkono mmoja, uizungushe usiiache mahali pamoja. Kila baada ya mizunguko michache gonga ukingoni kwa ukucha. Mwanzo inajibu "bu", imelala. Ikianza kusema "ti" itoe, hata kama moto bado mzuri. Ukiongeza tamaa ngozi inapasuka, na ya mbuzi inapasuka kwa aibu, katikati ya shairi.

Mazoezi: msifanye shairi zima. Mkishalipanga mmeliua. Sisi tunazoea ishara tatu tu. Mghani akishusha karatasi, wote kimya. Akipiga mguu chini, chapuo linachukua maneno yake ya mwisho na kuyarudia kwa mikono. Akimgeukia mtu, huyo anabaki peke yake naye. Yaliyobaki watayajua hukohuko.

Spika kubwa usikodi. Nilikodi, sauti ya shemeji ikamezwa. Spika moja ndogo, ya mghani peke yake.

Sasa jambo ambalo tunabishana kila mwaka. Vijana wanataka tuweke rekodi ya Cortez mwenyewe tupige ngoma juu yake. Nakataa. Akiwa hai ukimpigia vibaya angekugeukia, angebadili mwendo, angekunyima mstari. Rekodi haikujibu. Unampigia mtu aliyefungwa mikono. Kwa hiyo tunaweka rekodi moja, mwanzoni kabisa, wapigaji mikono mapajani, taa imezimwa. Ikiisha tunahesabu pumzi kama nne hivi, ndipo shemeji anaanza kwa Kiswahili, na kuanzia hapo ni walio hai wanajibizana.

Acheni nafasi ya mashairi ya watu wengine pia, hasa wanawake. Mwaka 1991 yeye na Ama Ata Aidoo wa Ghana walianzisha umoja wa waandishi wanawake wa Afrika, kwa hiyo usiku wa wanaume watupu kwa jina lake ungekuwa kichekesho. Watu watatu au wanne, wasizidi, maana pilau linapoa.

Yule mzee wa kanzu hajakosa hata mwaka mmoja. Mwaka wa tatu aliomba kipaza sauti akaghani shairi lake, mizani kumi na sita, vina vyake viwili, hakuna pa kuingilia. Chapuo lilijaribu mara mbili likakwama. Msondo ukasubiri kibwagizo, ukajibu pigo moja tu, zito. Mzee akatabasamu huku anaendelea. Mwaka huu amenitumia ujumbe mapema, anataka zamu yake iwe kabla ya pilau. Akishiba, anasema, pumzi inakuwa fupi.