Upime kibichi au kilichoiva? Kuhesabu kalori za wali wa nazi na kitoweo chake

Gramu 100 za mchele mweupe mkavu zina kalori kama 360. Gramu 100 za wali uliopikwa kwa maji matupu zina kama 130. Hakuna kilichopotea hapo: mchele umekunywa maji, na maji hayana kalori. Kwa hiyo ukipima kabla ni sawa, ukipima baada ni sawa. Kinachoharibu hesabu ni kupima wali ukatumia namba ya mchele. Sahani ya gramu 250 za wali mtupu itaandikwa kalori 900, na kumbe ni 325.

Hata hivyo, ukiwa na nafasi, pima kibichi. Wali wa nyumbani Lamu hautoki namna moja kila siku: leo umepaliwa makaa ukakauka chembe chembe, kesho maji yamezidi ukawa bokoboko. Mchele ni ule ule, uzito baada ya kuiva si ule ule. Tena namba ya 130 haijui habari ya tui.

Tafuta mizani ya betri inayosoma gramu moja moja na kubeba kilo 5. Kibaba kiache kando kwa kazi hii, kwani kinapima ujazo, na kibaba cha kilele si sawa na cha mfuto, yaani kilichosawazishwa juu. Anza na sufuria tupu bila kifuniko. Tuseme ni gramu 640. Andika namba hiyo mahali pa kudumu, hutaipima tena. Pima mchele kabla ya kuuosha, maana ukishalowa unaongeza uzito usio na kalori.

Tui ndilo lenye taabu. Usihesabu nazi nzima uliyoikuna, kwa sababu sehemu ya mafuta hubaki kwenye chicha. Pima tui lenyewe baada ya kulichuja. Kasimile, yaani tui zito la kwanza, iliyokamuliwa bila maji hufika kalori 330 kwa gramu 100. Tui lililotiwa maji kiasi, kama 230. La pili na la tatu hushuka zaidi kadiri ya maji uliyotia. Haya ni makadirio, na mkono wa kila mkamuaji ni wake. Ukitumia tui la pakiti, fuata lebo, ila tazama kipimo: ikiwa ni kilojuli, gawanya kwa 4.2 upate kalori.

Sasa hesabu. Mchele gramu 500 ni kalori 1,800. Tui gramu 300 la kalori 230 ni 690. Jumla 2,490. Wali ukiiva, weka ubao wa kukatia juu ya mizani, bonyeza irudi sifuri, kisha tua sufuria. Usiitue moja kwa moja ikiwa ya moto. Joto huyeyusha plastiki na kuvuruga usomaji. Ikisoma 2,040, toa 640: wali ni gramu 1,400. Gawanya 2,490 kwa 1,400, upate kama 1.78 kwa kila gramu. Sahani ya gramu 250 ni kalori 445. Aliyetumia namba ya wali mtupu amejipunja hesabu kwa 120, na hizo zote ni za tui. Ukoko nao umo ndani ya zile gramu 1,400, hivyo anayeukwangua aupime kama wali mwingine.

Mbaazi zipime kavu, kabla ya kuloweka: kama 340 kwa gramu 100, dhidi ya 120 hivi zikishachemshwa bila nazi. Mahamri yana tatizo la mafuta. Pima mafuta kabla ya kukaanga, na yaliyobaki yakishapoa. Yakipungua gramu 60 kwa mahamri 12, kila moja limebeba gramu 5, yaani kalori 45 juu ya zile za unga, sukari na tui.

Samaki huenda kinyume na mchele: hutoa maji. Gramu 200 za mnofu wa changu mbichi hubaki kama 155 akishachomwa. Mbichi ana kalori kama 100 kwa gramu 100, aliyeiva kama 130, na njia zote mbili zinakufikisha kwenye 200. Akiwa wa kupaka, tui la kupakia lihesabiwe peke yake. Kilo ya sokoni haifai hapa, kwani ina matumbo, magamba na miiba. Samaki mzima mpime akiwa sahani kwako, ule, kisha urudishe sahani na kichwa na miiba yake kwenye mizani. Tofauti ndiyo uliyokula, na namba yake ni ile ya samaki aliyeiva.