Kuthaminisha mashua isiyo na hati: ukague nini kabla ya kutaja bei

Mashua nyingi za Unguja na Pemba hupita mikono mitatu minne bila karatasi kuandikwa. Baba humwachia mtoto, mvuvi humuuzia jirani mbele ya bwana diko (msimamizi wa diko, yaani pwani wanapotua wavuvi), pesa zikahesabiwa pale pale pwani. Neno la watu hutosha mpaka siku mwenye chombo anapotaka kukisajili kwa jina lake katika Mamlaka ya Usafiri wa Baharini, kukikatia bima, kukiweka rehani, au warithi wanapotaka kugawana. Hapo huulizwa mambo mawili: nani ajuaye kuwa chombo hiki ni chako, na kina thamani gani? Ripoti iliyoandikwa vizuri husaidia katika yote mawili, kwa sharti moja: ieleze chombo hicho kiasi kwamba hakiwezi kuchanganywa na kingine kilichofungwa ubavuni mwake.

Tangulizeni ushahidi. Wenye nguvu kuliko wote ni maelezo ya maandishi ya fundi aliyeijenga: aliijenga pwani gani, mwaka gani, urefu gani, kwa mbao zipi, na nani alimlipa. Watu huhangaika na karatasi nyingine wakamsahau fundi, naye bado yuko hai na anaikumbuka kila taruma, yaani kila ubavu wa mti ulio ndani yake. Ongezeni leseni za uvuvi za miaka ya nyuma, risiti ya mashine, na maelezo ya bwana diko na wavuvi wawili wasio ndugu zenu. Kama muuzaji wa awali yupo, aandike hati ya mauziano sasa, iwe na tarehe ya leo, na ndani yake aseme mauzo yalifanyika lini na kwa bei gani. Msirudishe tarehe nyuma. Karatasi ya namna hiyo ikigundulika, hata zile za kweli hazitaaminiwa tena. Maelezo yote yafungwe kwa kiapo mbele ya hakimu au wakili.

Barua ya sheha, kiongozi wa shehia mnayoishi, ni lazima muwe nayo, lakini jueni mpaka wake. Inathibitisha kwamba mnajulikana na mnaishi katika shehia ile. Peke yake haithibitishi kwamba mashua ni yenu. Na ikiwa mwenyewe amefariki, mtoto mmoja asiende kuisajili kwa jina lake hata kama ndiye anayeivulia: ni mali ya warithi wote, na pa kuanzia kwa Waislamu ni Kamisheni ya Wakfu na Mali ya Amana.

Siku ya ukaguzi ichaguliwe kwa maji. Siku moja mbili baada ya mwandamo wa mwezi au mwezi mpevu, maji ya bamvua hukauka sana kati ya saa nne na saa tano asubuhi, na mashua hukaa juu ya mchanga muda wa kutosha. Itieni magadi (miti ya kuegemeza) pande zote mbili isije ikalala ubavu. Toeni nyavu, mawe na mbao za kukanyagia, kausheni maji ya ngama, yale yanayokusanyika chini kabisa ndani ya chombo. Kwangueni kombe na mwani, lakini msipake rangi wala deheni (mafuta ya kupakia chombo). Chombo kilichotoka kupakwa hakikaguliki, na mthamini mzoefu akiona rangi mbichi huanza kutafuta inaficha nini.

Kazi kubwa iko kwenye mbao. Chukueni kisu chenye ncha au bisibisi nyembamba na nyundo ya mti. Anzeni na mkuku (mti mkuu wa chini) kutoka omo (mbele) hadi tezi (nyuma), kisha fashini (miti inayosimama kwenye ncha za mkuku), kisha miguu ya taruma pale inapokutana na mkuku. Ncha ikizama bila kusukumwa kwa nguvu, mti umeoza. Angalieni zaidi sehemu zinazokaa na maji ya mvua, kwa sababu maji baridi huozesha mbao kuliko ya chumvi. Mashua iliyoachwa wazi masika nzima huweza kuwa nzima chini na mbovu juu. Gongeni kila ubao kwa nyundo: mzima hulia kwa sauti kavu, ulioliwa hutoa sauti nzito. Yule mdudu wa bahari anayetoboa mbao huacha tundu dogo sana nje na njia pana ndani, kwa hiyo msihesabu matundu, sikilizeni sauti. Mkiwa na shaka, chongeni kidogo pembeni ya tundu muone.

Michirizi ya kutu chini ya vichwa vya misumari ina maana chuma kinaliwa ndani ya mti. Ng'oeni mmoja au miwili sehemu isiyo na madhara muone umebaki unene gani, halafu rudishieni mipya. Kisha vuteni uzi kutoka mwisho mmoja wa mkuku hadi mwingine. Mkuku uliopinda hautengenezwi kwa bei ndogo, na mara nyingi ndio unaoamua kama mashua ina thamani ya chombo au ya kuni.

Kalafati, yaani pamba inayoziba nafasi kati ya mbao, isiwatishe. Pamba nyeusi inayotoka kwa kidole ni kazi ya siku chache. Na mashua iliyokaa juu wiki kadhaa itavuja ikirudi majini mpaka mbao zivimbe, kwa hiyo uvujaji wa siku ya kwanza usipunguze bei. Iacheni majini siku mbili, ikausheni jioni, asubuhi pimeni maji ya ngama kwa ndoo ya lita 20. Idadi hiyo iandikwe kwenye ripoti.

Kwa boti ya faiba, kagueni kwanza ubao wa nyuma unaobeba mashine. Ndani yake huwa na plaiwudi, na maji yakiingia kupitia matundu ya bolti huoza bila kuonekana. Shikeni mashine, iyumbisheni mbele na nyuma; ubao ukicheza, umekwisha. Malengelenge madogo chini ya mstari wa maji hupunguza bei. Nyufa zinazotoka kwenye kona huipunguza zaidi.

Mashine ithaminiwe peke yake. Andikeni namba yake na mwaka, mlinganishe na risiti, kwa sababu mashine hubadilishana mashua kuliko watu wanavyokumbuka. Ipasheni moto, toeni plagi zote, fungueni mkono wa kasi hadi mwisho, vuteni kamba huku geji ya kompresheni ikiwa kwenye silinda moja, kisha nyingine. Tofauti ikizidi asilimia 10 hivi, kuna ringi au silinda iliyochoka. Legezeni skrubu ya chini ya giaboksi: mafuta meupe kama maziwa ni maji yaliyopita kwenye sili. Ikiwaka, tundu la maji ya kupooza litoe mkondo imara. Ukiwa hafifu, ni impela (kipanga cha pampu ya maji) au chumvi iliyoganda njiani.

Tanga, foromali (mti unaobeba tanga), nanga, kamba na jaketi za kuokolea viorodheshwe kimoja kimoja. Nyavu zisitiwe kwenye thamani ya chombo.

Sasa bei. Muulizeni fundi gharama ya kujenga kama hiyo leo, kwa mbao zile zile na ujira wa sasa. Tuseme ni shilingi 9,000,000, na kwa hali aliyoiona anaipa mashua ya miaka 8 umri wa miaka 20. Iliyobaki ni miaka 12 kati ya 20, yaani shilingi 5,400,000. Matengenezo yanayotakiwa ni 900,000. Kiunzi kinabaki na 4,500,000. Mashine 2,500,000, vifaa 600,000, jumla 7,600,000. Kisha ilinganisheni na mashua mbili tatu za kimo hicho zilizouzwa karibuni katika diko hilo au la jirani, kwa pesa iliyolipwa na si bei iliyotajwa. Hesabu mbili zikiachana sana, rudini pwani mtafute mlichokikosa. Msigawanye tofauti katikati. Benki pia itataka bei ya kuuza kwa haraka, ambayo huwa chini. Iandikwe mstari wake.

Mthamini asiwe mnunuzi, wala ndugu, wala fundi atakayepewa kazi ya kuitengeneza. Ripoti yake iwe na tarehe, urefu, upana na kina, aina ya mbao, namba ya mashine, sahihi yake, na picha za omo, tezi, mbavu zote mbili, ngama na alama yoyote ya pekee kama kiraka au ubao uliobadilishwa. Picha moja imwonyeshe mwenyewe akiwa kando ya chombo, na jina la mashua lisomeke. Tengenezeni nakala tatu. Mashine ikibadilishwa baadaye, ambatisheni karatasi yenye namba mpya siku hiyo hiyo, maana hiyo ndiyo namba ya kwanza kulinganishwa mkaguzi atakapofika.