Kurusha mpira wa kuanzia: kazi ya mwamuzi kwenye duara la kati

Mechi ya mpira wa kikapu huanza kwa mwamuzi kurusha mpira juu katikati ya wachezaji wawili, mmoja wa kila timu, nao huruka kuugonga. Mpira ukirushwa mfupi, warukaji hao hawana la kufanya ila kuugonga ukiwa bado unapanda. Kwa kanuni za FIBA, shirikisho la kimataifa la mpira wa kikapu, hilo ni kosa la mrukaji, lakini aliyelisababisha ni mwenye filimbi. Kwa hiyo shika hili kabla ya jingine lolote: mpira upande wima katikati ya wawili hao, upite kimo ambacho kila mmoja wao anaweza kufika kwa kuruka, na uguswe ukishafika kileleni.

Kimo hicho usikikisie. Nenda kwenye goli ujipime. Ringi iko mita 3.05 kutoka chini, na mstatili mdogo uliochorwa kwenye ubao unaanzia karibu na usawa wa ringi na una kimo cha sentimita 45. Juu yake, basi, ni karibu mita 3.5. Kwa mechi za wanaume watu wazima, lenga hapo au juu kidogo. Kwa wasichana wa UMISSETA, mashindano ya shule za sekondari, kuipita ringi kidogo kwa kawaida kunatosha, maana kila unapozidisha kimo unaupa mpira nafasi zaidi ya kupinda. Chora msalaba wa chaki sakafuni, usimame nyuma yake, urushe na kuuacha mpira udondoke wenyewe. Ukidondoka juu ya msalaba, mkono wako uko sawa. Ukikurudia kifuani, unauvuta mwishoni. Ukiangukia mbele, unausukuma badala ya kuunyanyua.

Mpira ukae kwenye kiganja cha mkono mmoja, mkono wa pili uushikilie ubavuni ili usitikisike. Anzia usawa wa tumbo, magoti yakiwa yamekunjwa kidogo, nguvu itoke miguuni na kwenye mkono mzima. Ukichezesha kifundo cha mkono, mpira unatoka ukizunguka na kuegemea upande mmoja. Tena usiushushe kwanza ndipo uupandishe: mrukaji mzoefu anausoma huo mshuko na kuanza kuruka mapema. Filimbi iwe imetoka mdomoni kabla hujaingia kati yao. Kiwiko kinachoshuka kikikutana na filimbi, meno ndiyo yanayolipa. Ukishauachia mpira, tulia hapo hapo hadi wachezaji watawanyike. Kurudi nyuma kwa haraka ni kuwakanyaga wanaokimbilia mpira mgongoni kwako.

Anayerusha ni mwamuzi mkuu, uso ukielekea meza ya watunza muda na alama. Kabla ya kuingia duarani amalize mambo yote: mtunza muda yuko tayari, mwamuzi mwenzake yuko upande wa meza, kila timu inajua inashambulia goli lipi. Hili la goli linaonekana dogo hadi kikapu cha kwanza kifungwe upande usio wake. Kila mrukaji asimame na miguu yote miwili ndani ya nusu ya duara iliyo karibu na goli analolinda, mguu mmoja ukiwa karibu na mstari wa kati. Wengine wanane wakae nje, na hakuna sehemu ya mwili inayoruhusiwa kuwa juu ya mstari wa duara kabla mpira haujagongwa. Wenzi wawili wa timu moja hawawezi kuchukua nafasi zinazofuatana kuzunguka duara kama mpinzani anataka mojawapo. Ukishaingia usitoe hotuba. Rusha.

Kwenye viwanja vya wazi vya Mwanza, kuanzia Nyamagana hadi Ilemela, kuna kazi mbili za ziada. Rangi ya duara kwenye saruji mara nyingi imefutika, na duara lisiloonekana haliwezi kulindwa. Chukua kamba ya mita 1.80, mmoja aishike katikati, mwingine azunguke na chaki. Ni dakika chache tu. La pili ni upepo: alasiri huvuma kutoka ziwani kuelekea nchi kavu, na mpira uliorushwa juu sana unachukuliwa. Usijaribu kuufidia kwa kuurusha upande upepo unakotoka, kwa sababu upepo ukikatika ghafla umempendelea mmoja. Subiri utulie, kisha urushe wima kama kawaida.

Aliyerusha si hakimu mzuri wa rusho lake, kwa kuwa macho yake yako juu na miili miwili imemfunika. Mwamuzi wa upande wa meza ndiye anayeangalia. Rusho likipinda au likiwa fupi, apige filimbi mara moja na mpira urushwe upya, hata kama timu moja imeshaushika na kuanza kukimbia. Kumwadhibu mrukaji kwa rusho bovu ni uonevu. Mpira ukianguka bila kuguswa na mrukaji hata mmoja, unarudiwa vilevile. Rusho likiwa zuri na mrukaji akaugonga unapanda, akaudaka, au akaugonga zaidi ya mara mbili kabla haujagusa sakafu au mchezaji mwingine, hilo ni kosa, na wapinzani wanapewa mpira wa kuingiza kutoka pembeni. Mwamuzi huyo huyo anyanyue mkono na kuushusha mpira unapogongwa kihalali, kwani saa ya mchezo huanza hapo. Saa ya sekunde 24, inayohesabu muda wa timu kushambulia, inasubiri hadi mchezaji aumiliki mpira uwanjani.

Mshale wa umiliki mezani, kibao kinachoonyesha ni zamu ya timu gani kupewa mpira, ndio unaozua ubishi mrefu. Timu iliyokosa umiliki wa kwanza ndiyo inayopewa mshale, na mshale unaelekezwa kwenye goli ambalo timu hiyo inashambulia. Timu A ikikosea kwenye rusho, B inaingiza mpira, kwa hiyo mshale ni wa A. Wengi hushangaa hapa. Tuseme mpira umegongwa kihalali, na kabla yeyote hajaumiliki, A2 wa timu A na B2 wa timu B wakaung'ang'ania pamoja. Mshale bado hauna mwenyewe, basi rusha tena kwenye duara la kati, safari hii A2 na B2 wakiwa warukaji, na muda uliokwisha kutumika haurudishwi.

Mshale ukishapata mwenyewe, hakuna kurusha tena. Robo ya pili, ya tatu, ya nne na muda wa nyongeza huanza kwa mshale, mpira ukiingizwa kutoka kwenye mstari wa kati upande usio wa meza. Mshale ugeuzwe mara tu mpira huo wa kuingiza unapomalizika. Wakati wa mapumziko makubwa timu hubadilishana magoli, kwa hiyo kibao cha mshale lazima kigeuzwe ingawa haki ya mpira haijabadilika. Mwamuzi mkuu asimame mezani aone kwa macho yake kikigeuzwa.