Namna ya kuongoza usomaji wa Pride and Prejudice: anza na hesabu ya mali

Anayetaka kuongoza kikundi cha wasomaji hapa Lubumbashi katika riwaya ya Jane Austen iitwayo Pride and Prejudice, ambayo wengi wetu huipata kwa tafsiri ya Kifaransa, ajiandae kwa kikao cha kwanza chenye kelele. Wako watakaosema kwamba ni hadithi ya mapenzi ya watu wasio na kazi, na wako watakaomcheka Mama Bennet kwa jinsi anavyohangaika kuwaozesha binti zake watano. Usibishane nao. Yaweke mapenzi kando kwa muda, chukua daftari, na uwaombe wasomaji wakusaidie kuandika nani ana nini.

Chora safu nne: jina, mapato ya mwaka, chanzo cha mapato hayo, na kitakachobaki mwenye mali akifa. Safu ya nne ndiyo muhimu, na ndiyo ambayo wasomaji wengi huiruka. Bwana Bennet anapata pauni 2,000 kwa mwaka kutokana na ardhi yake, lakini ardhi hiyo imefungwa kisheria ili irithiwe na wanaume tu, na kwa kuwa hana mtoto wa kiume, itakwenda kwa Bwana Collins, jamaa ambaye mabinti hawakuwahi hata kumwona. Mama na mabinti wamewekewa pauni 5,000 kwa jumla. Zikizaa asilimia 4, ni pauni 200 kwa mwaka za kuwalisha watu sita waliozoea 2,000. Darcy, tajiri atakayemposa Elizabeth, binti wa pili wa Bennet, ana 10,000 kwa mwaka. Rafiki yake Bingley ana 4,000 au 5,000, kutokana na urithi wa karibu pauni 100,000 ambazo baba yake alizipata kwa biashara. Hesabu hiyo ikishaandikwa ubaoni, kicheko juu ya Mama Bennet hupungua chenyewe. Mwanamke huyo ni mpumbavu katika mambo mengi, lakini hesabu hii anaijua kuliko mumewe.

Hapo lazima msomaji mmoja atakumbuka mjane wa mtaani kwake, aliyefungiwa nyumba na ndugu za marehemu kabla matanga hayajaisha. Mpe nafasi aeleze, kisha onyesha tofauti. Katika riwaya ni sheria yenyewe inayowatoa wanawake nyumbani. Kwetu Kongo, Sheria ya Familia ya mwaka 1987 inawahesabu watoto wote wa marehemu, wa kike na wa kiume, katika kundi la kwanza la warithi, kwa hiyo anayewafukuza anaivunja sheria. Uingereza ya wakati huo ilikuwa pia na kanuni kwamba mali ya mwanamke anayeolewa huingia mikononi mwa mume, isipokuwa ile iliyolindwa kwa mkataba wa ndoa. Kanuni hiyo ilivunjwa hasa na sheria ya 1882, miaka 69 baada ya riwaya kutoka. Mtu asijivune haraka, kwani kwetu pia mke alihitaji ruhusa ya mume ili afanye mambo mengi ya kisheria, mpaka sheria ilipobadilishwa mwaka 2016.

Sehemu inayohitaji muda mrefu zaidi ni mahari, au doti kama tunavyosema kila siku, kwa sababu ndipo msomaji wa huku anapopotea bila kujua. Kwetu mali hutoka upande wa mwanamume kwenda kwa wazazi wa binti. Katika tabaka la akina Bennet mali hutembea kinyume: binti ndiye anayeingia katika ndoa na fedha, na asiye nazo hana mvuto mkubwa kwa wanaume wanaotafuta kuoa. Dada za Bingley wana pauni 20,000 kila mmoja, na dada yake Darcy 30,000. Collins, akimposa Elizabeth katika sura ya 19, anamkumbusha bila haya kwamba atakachopata ni pauni 1,000 tu, tena baada ya mama yake kufariki, na kwamba huenda asipate mposaji mwingine. Soma ukurasa huo kwa sauti, polepole. Mtu anayesoma akiwa na mahari yetu kichwani hataelewa kwa nini binti watano ni mzigo badala ya matumaini ya ng'ombe na vitenge.

Mfano bora ni Lydia, mdogo wao wa miaka 16, anayetoroka na Wickham, afisa kijana wa jeshi. Uliza kikundi: jambo hili likitokea Katuba, mtaa wa hapa kwetu, nani angemlipa nani? Wote watajibu kwamba wazee wa binti wangekwenda kwa familia ya kijana kudai faini. Kisha fungua sura ya 49 na ya 52. Upande wa binti ndio unaolipa ili kijana akubali kuoa, na Bwana Bennet anasema wazi kwamba Wickham angekuwa mjinga kumchukua kwa chini ya pauni 10,000. Anayesimamia mazungumzo ni Gardiner, kaka wa Mama Bennet, yaani mjomba; na hapo msomaji wetu, hasa wa ukoo unaofuata upande wa mama kama Wabemba, atajiona nyumbani kabisa. Lakini fedha zenyewe ni za Darcy: anamlipia Wickham madeni yanayozidi pauni 1,000, anamwongezea Lydia 1,000 nyingine, na anamnunulia kijana cheo cha jeshi, huku akimwacha mjomba apokee shukrani.

Jiandae pia kwa swali ambalo mama mmoja aliniuliza, naye anauza vitu katika soko la Kenya, mtaa wa hapa Lubumbashi: kwa nini mabinti hawa wasitafute biashara? Ni swali zuri kuliko mengi ya darasani, maana katika jiji hili tumeona nyumba nyingi zikisimama kwa meza ya mama sokoni baada ya mshahara wa baba kukatika. Jibu liko katika tabaka. Biashara ya mjomba Gardiner peke yake inatosha kuwatia doa, na binti wa mwenye ardhi akiuza kitu angejishusha daraja moja kwa moja. Lililobaki ni kuolewa, kuishi kwa hisani ya kaka, au kuwa mwalimu wa watoto wa matajiri. Dada za Bingley, kwa upande wao, wamejisahaulisha kwamba utajiri wao ulitoka dukani. Watu wa aina hiyo tunao.

Baada ya hayo ndipo mrudi kwenye mapenzi. Someni sura ya 34, Darcy anapoposa huku akihesabu aibu ya ukoo wa Elizabeth, halafu ya 56, Lady Catherine, dada wa mama yake Darcy, anapomuuliza Elizabeth mama yako ni nani, wajomba zako ni nani. Wasomaji wawili wagawane sauti. Maisha ya mwandishi yatajwe kwa ufupi: alimkubali mposaji tajiri mwaka 1802 na kumkataa asubuhi iliyofuata, baba yake akafa 1805, akaishi na mama na dada yake kwa msaada wa kaka zao, na haki za riwaya hii akaziuza kwa pauni 110.

Charlotte Lucas, rafiki wa Elizabeth, muweke mwisho. Ana miaka 27, anamkubali Collins bila mapenzi, na kaka zake wanapumua kwa sababu hawatalazimika kumtunza. Kabla wasomaji hawajamhukumu, wapeleke sura ya 30: Charlotte amechagua kukaa katika chumba cha nyuma, kisicho na mandhari, ili mumewe abaki katika chumba chake kinachoelekea barabara. Uliza kila mmoja angekaa chumba gani, na usikimbilie kujibu.