Jinsi ya kujua huyu ni Zekaria yupi

Kwenye simu yangu niko na Zakaria wa boda, Zakaria fundi na Zakaria wa Arua, bila hiyo mikia ningekuwa napigia mtu siye kila siku. Biblia nayo isome hivohivo, maana jina hili mle ndani wamelibeba watu kama 30. Mimi niliwahi kuwaambia watoto wa Sande skulu hapa Busia eti nabii Zekaria ndo baba yake Yohana Mbatizaji, katoto kamoja kakanisahihisha mbele ya mama yake.

Kwa hiyo usishike jina, shika mkia. Anza na baba: nabii ni bin Berekia bin Ido, alianza mwaka wa pili wa Dario mfalme wa Uajemi, yaani 520 KK, watu wametoka Babeli wanajenga hekalu upya. Mwana wa Yeroboamu ni mfalme, huyo mpite tu, alitawala miezi 6 tu, Shalumu akamuua. Halafu cheki herufi, Biblia ya Union inaandika Zekaria Agano la Kale, Zakaria Agano Jipya, ndo yule mume wa Elisabeti, baba yake Yohana Mbatizaji, kuhani wa zamu ya Abiya.

Anayeniuma mimi ni Zekaria mwana wa kuhani Yehoyada, 2 Nyakati 24. Jina lenyewe maana yake Bwana amekumbuka, na hilo neno la Kiebrania "zakar" ni ndugu wa dhikiri ya jirani zetu Waislamu. Sasa soma mstari wa 22: mfalme Yoashi hakukumbuka wema wa Yehoyada aliyemlea, akaamuru huyo mwana wa Yehoyada apigwe mawe uani mwa hekalu, na kwa Kiebrania hapo kitenzi ni kilekile cha kwenye jina! Aliyekumbukwa anauawa na aliyesahau.

Angalia Mathayo 23:35 lakini, pale kifo kinafanana na cha huyu ila baba ni Barakia, jina kama la baba wa yule nabii, wasomi wenyewe wanabishana, usimgombeze mtu.

Na ukikutana na Zakaria kwenye historia ya Buganda, kando ya Apolo Kagwa na Stanislaus Mugwanya, huyo ni Kisingiri wa mkataba wa 1900 kati ya Buganda na Waingereza, yeye na hao wawili walimshikia Kabaka (mfalme) Daudi Chwa utawala akiwa bado mtoto. Kwenye simu yangu angekuwa Zakaria wa Kabaka.